Merikebu Zisizokuwapo na Vyombo Vilivyokuwapo

Katika ushairi wetu hakuna kilichosafiri zaidi ya chombo. Tumekipakia mapenzi, tumekipakia nchi, tumekipakia nafsi inayovuka kutoka dunia kwenda akhera, na mara nyingi tumekizamisha ili funzo litimie. Muyaka wa Mombasa alikifahamu vyema, na baada yake washairi wa visiwani na wa mwambao mzima hawakuacha kukitia tanga. Hata hivyo, katika miaka yote ya kusoma beti hizo limenikera jambo moja: ni nadra chombo cha mshairi kuwa na fundi. Hakiundwi, huonekana tu kikiwa baharini. Hakina mwaka wa kushushwa majini, hakina nahodha wa kwanza na wa pili, wala aghalabu hatuambiwi kama kilikuwa dau, betili au bedeni. Ni chombo, basi. Na kikishazama, hapana anayeuliza kilikuwa kipi.

Kero hii ilipata sura kamili nilipoanza kusoma tarehe za merikebu ambazo hazijapata kuwapo.

Naishi Mwenge, Dar es Salaam, nyuma kidogo ya soko la vinyago, mahali ambapo bahari haionekani ingawa chumvi yake hufika kwenye mabati. Naishi na mpwa wangu, mwanafunzi wa skuli ya sekondari, ambaye ana madaftari matatu yaliyojaa merikebu za nyota, yaani zile za bunilizi za kisayansi. Nyingi ni za Star Trek, mchezo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na ambao hadi leo haujamaliza kuzaa watoto na wajukuu. Alinipa nisome. Nilitarajia michoro ya mizinga na moto. Nilichokikuta ni nasaba.

Merikebu hizo hupangwa kwa koo. Neno la Kiingereza tumezoea kulifasiri kwa kusema daraja au tabaka, lakini la kwanza lina harufu ya skuli na la pili lina harufu ya siasa, nami nimechagua kusema ukoo. Sababu yangu ni kwamba desturi yenyewe ni ya uzazi. Merikebu ya kwanza kuundwa kwa umbo fulani ndiyo kifungua mimba, na wadogo zake wote huitwa kwa jina lake. Waandishi wa hadithi hawakuibuni desturi hii. Waliichukua kwa majeshi ya wanamaji, ambayo hadi leo huzihesabu manowari zao hivyo hivyo. Kwa mujibu wa daftari la mpwa wangu, Enterprise, iliyo mashuhuri kuliko zote, si mkubwa katika ukoo wake. Ni mdogo wa Constitution. Namba yake ni NCC-1701. Ilishushwa mwaka 2245. Manahodha wake ni Robert April, kisha Christopher Pike, kisha James Kirk. Ikateketea mwaka 2285. Msomaji ataona kwamba miaka hiyo haijafika. Hilo halijamzuia mtu kuiandika kwa wino.

Na jina la Constitution si la kubuni. Constitution ya kweli ni manowari ya mbao na matanga iliyoshushwa majini Boston mwaka 1797, na ingali inaelea huko huko. Katika safari yake ya kuizunguka dunia kati ya 1844 na 1846, nahodha wake akiwa John Percival, ilifika Unguja. Kwa hivyo jina ambalo kijana wa Mwenge hulinakili juu ya ukurasa wake wa nyota lilipata kuonekana forodhani kwetu enzi za Sayyid Said, na wachukuzi wetu bila shaka walilitazama wakaendelea na mizigo yao.

Waliotengeneza mchezo huo hawakuanza na mpango mkubwa. Kibao kilichotundikwa ndani ya chumba cha usukani wa Enterprise kiliutaja ukoo wake kuwa ni wa merikebu ya nyota, basi, kama mtu aulizwaye kabila akajibu kwamba yeye ni binaadamu. Mengine yalijazwa na wapenzi. Mwaka 1975 Franz Joseph Schnaubelt, mchoraji wa mitambo ya ndege wa San Diego, alitoa kitabu cha michoro ya jeshi hilo la kubuni, na humo akaongeza koo ambazo hazikuwa zimeonekana kwenye kioo hata mara moja. Upo ukoo wa Saladin, ambaye ndiye Salahuddin wa tarehe za Kiislamu: merikebu nyepesi za vita zenye injini moja mahali pa mbili. Upo ukoo wa Ptolemy, kazi yake kukokota shehena. Kila ukoo ukapewa orodha ya majina, na kila jina namba yake. Hapakuwa na mtu aliyemlazimisha. Hakuna hadithi iliyozihitaji. Aliona tu kwamba jeshi lenye merikebu za vita haliwezi kukosa za mizigo, na kwamba ikiwa ipo, basi ina jina.

Nisisahau kusema kwamba Enterprise ilichongwa. Umbo lake lilibuniwa na Matt Jefferies, na mfano mkubwa uliopigwa picha uliundwa mwaka 1964 na Richard Datin na wenzake, una urefu wa mita 3.4, na sehemu yake kubwa ni mbao za mti uitwao popla. Mwaka 1974 ulikabidhiwa taasisi ya Smithsonian, na sasa umewekwa katika jumba lao la makumbusho ya anga mjini Washington. Habari hii nilimpelekea mchongaji mmoja wa hapa sokoni, Mmakonde, ambaye kwenye meza yake ya biashara, kando ya vinyago vya mpingo, huweka majahazi madogo ya kuuzia watalii. Aliuliza kwanza ni mti gani. Nilipomwambia kwamba ni mti mwepesi usiofika nusu ya uzito wa mpingo, alisema ndiyo maana unaruka.

Yupo pia Uhura. Mwenye kukaa Mwenge hawezi kumpita bila ya kumsalimu, kwani mtaa wetu na bibi huyo wamechovya katika chungu kimoja: Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka wa pili yake Robert Ruark akatoa riwaya aliyoiita Uhuru, na riwaya hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mkononi mwigizaji Nichelle Nichols siku aliyokwenda kujaribiwa, kwa maelezo yake mwenyewe. Jina likalainishwa mwishoni likawa la kike kwa masikio yao. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, ile tarehe 8 Septemba 1966, Uhura alisemeshwa Kiswahili ndani ya merikebu, na aliyemsemesha alikuwa zimwi lililojigeuza umbo la mtu. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022. Mpwa wangu amemwekea ukurasa mzima, ingawa madaftari yake ni ya vyombo na si ya watu.

Lakini ukurasa ulionishika ni wa Wolf 359. Hiyo ni nyota ya kweli, ipo umbali wa karibu miaka minane ya mwanga kutoka kwetu. Katika hadithi iliyoonyeshwa mwaka 1990, merikebu 40 zilikusanyika hapo kumzuia adui mmoja, na 39 zikaangamia. Watazamaji hawakuonyeshwa vita. Walionyeshwa mabaki tu, kwa sekunde chache, mizoga ikielea gizani, baada ya mwanamke mmoja kutaja kwa sauti majina matatu: Tolstoy, Kyushu, Melbourne. Mizoga hiyo iliundwa kwa kuunganisha vipande vya vifaa vya kuchezea vya madukani, vikakatwa na kuunguzwa. Haikukusudiwa kutazamwa kwa zaidi ya pumzi moja. Lakini wapo waliosimamisha picha. Wakahesabu. Wakatambua kwamba mzoga huu hauna umbo la ule, kwamba kwa hivyo ni koo mbalimbali, na koo hizo zikaja kupewa majina: New Orleans, Cheyenne, Springfield, Challenger. Leo kuna merikebu yenye ukoo, namba na mwaka wa kuundwa, ambayo haijapata kuonekana na mtu yeyote ikiwa hai. Maiti ndiyo iliyotangulia, na uhai wake ukatungwa kutoka kwenye maiti.

Atakuwapo msomaji wa kusema kwamba haya ni mambo ya wageni na kwamba Kiswahili hakina shughuli angani. Nitamkumbusha kwamba Shaaban Robert alituwekea nchi nzima angani mwaka 1951, akaiita Kusadikika. Nchi hiyo ilituma wajumbe sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, na kila aliyerudi na habari alitiwa kifungoni. Mwenye kuzitoa habari zao ni Karama, naye anazitoa akiwa mshitakiwa mbele ya baraza, safari moja baada ya nyingine, kwa majina ya waliosafiri. Kitabu kile hufundishwa kama kitabu cha haki na sheria, na ni sawa. Mimi sasa hukisoma pia kama kumbukumbu za utumishi zilizookolewa zisizikwe pamoja na wenyewe.

Nyumbani mwetu yupo pia ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba. Alikuja kutoka Unguja kwa matibabu ya macho akabaki. Alianza ubaharia akiwa kijana mdogo, akaishia unahodha, katika majahazi yaliyokuwa yakienda Pemba, Tanga, Lamu na delta ya Rufiji. Macho hayamruhusu tena kusoma, kwa hivyo jioni moja mpwa wangu alikaa naye barazani akamsomea daftari. Ami alisikiliza kama asikilizavyo khabari za chombo chochote kilichoingia bandarini.

"Kinakwenda kwa upepo gani?"

"Hakina haja ya upepo, babu. Kina injini inayokunja anga."

"Shehena yake?"

"Hakichukui shehena. Kinakwenda kutazama mahali ambapo hapajafikiwa."

"Na nani anamlipa nahodha?"

Kijana akaeleza kwamba katika zama zile fedha imeondoshwa, watu hufanya kazi kwa kupenda. Ami akafikiri. "Hakina shehena, hakitozi nauli," akasema. "Basi mjukuu wangu, hicho ni chombo cha Sultani."

Akaendelea kuuliza. Ule ukoo wa Ptolemy wa kukokota mizigo aliuita tishali bila ya kusita, na akataka kujua kama mabaharia wake hulipwa sawa na wa vitani, au nako ni kama kwetu. Akauliza Enterprise ilipoteaje. Akaambiwa kwamba nahodha Kirk aliiteketeza mwenyewe isitwaliwe na adui.

"Na mabaharia?"

"Walishuka kwanza."

"Basi si msiba. Mbao hupatikana."

Kisha kijana akauliza swali ambalo mimi, mwenye kujidai mpenzi wa tungo za bahari, sikuwahi kusikia likiulizwa nyumbani kwetu: "Na vyako, babu? Vilikuwa vya ukoo gani?"

Neno lile la ami kuhusu chombo cha Sultani limekaa nami, kwa kuwa ni kweli zaidi kuliko alivyokusudia. Vyombo vyetu vyenye tarehe ni vya Sultani. Sultana, iliyoundwa Bombay na kumilikiwa na Sayyid Said, tunajua kwamba ilifika New York mwishoni mwa Aprili 1840, kwamba mjumbe ndani yake alikuwa Ahmad bin Naaman, kwamba ilichukua tende, kahawa, pembe na karafuu, na kwamba Wamarekani waliikarabati kabla ya kurudi. Sura ya Ahmad yenyewe ilichorwa, nayo ingali ikitazamwa. Glasgow tunajua ilizamishwa bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika saa moja. Chombo kikiwa na mfalme ndani yake, kalamu hukifuata. Mara moja moja hutokea mgeni akaiandama safari ya watu wa kawaida: Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda bumu la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, akafika nalo Unguja na Rufiji, na kitabu chake cha mwaka 1940 kimelipa bumu lile umri mrefu kuliko mbao zake. Hilo moja. Bandarini siku hiyo yalikuwapo mangapi?

Tazama mtepe. Hapa hatuzungumzii chombo kimoja, bali ukoo mzima, tena labda mkongwe kuliko koo zetu zote. Ulishonwa kwa kamba za kumbi bila ya msumari wa chuma, tanga lake la mraba lilisukwa kwa miyaa, na omo yake ilichongwa kama shingo na kichwa cha ngamia. Wapo waliosema ni ngamia wa Mtume. Mgiriki aliyeandika mwongozo wa bahari yetu katika karne ya kwanza alikuta pwani hii mji wa Rhapta, akasema jina lake linatokana na vyombo vya kushona. Mitepe ikaendelea kusafiri kutoka Lamu na visiwa vya Wabajuni mpaka karne iliyopita, ikaisha kabla ya Vita Vikuu vya Pili. James Hornell aliandika juu ya umbo lake mwaka 1941, akitegemea mifano na kumbukumbu. Mfano mkubwa ulioundwa upya ulikuwa ndani ya Beit al-Ajaib, na wengi wa wasomaji wa jarida hili wamewahi kusimama mbele yake, kabla ya sehemu ya jengo hilo kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Umbo tunalo, basi. Lakini nani atanitajia mitepe mitano kwa majina yake? Nani alikuwa nahodha wa mtepe wa mwisho, na siku alipoutia nanga alijua? Mpwa wangu anaweza kunitajia koo nne za mizoga ya Wolf 359.

Hapa nafika kwenye sehemu ambayo ningependa kuipita haraka, nayo hainiruhusu.

Mwaka 1989 ziliundwa Marekani, katika karakana ya Halter huko New Orleans, feri mbili ndogo za abiria, mapacha. Mmoja aliitwa Skagit, jina la mto na la watu wa asili wa jimbo la Washington, mwengine Kalama. Zilipelekwa Seattle kuvusha watu katika maji yaliyokingwa na visiwa. Feri za jimbo lile, kama merikebu za nyota, huhesabiwa kwa koo, na mapacha hao walikuwa ukoo wao peke yao. Wapo huko wapenzi wa feri wenye kuandika kila kitu: njia gani, miaka gani, injini gani, lini ilipumzishwa. Skagit ilistaafishwa mwaka 2009, ikauzwa mwaka 2011, ikaletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na Chumbe. Nimesoma tarehe ya utumishi wake iliyoandikwa na watu wa upande ule. Miaka ishirini ya Seattle imeelezwa kwa utulivu wa mtu aelezaye maisha ya shangazi yake. Kisha inakuja sentensi ya kwetu, moja, na baada yake hapana kitu.

Mwaka mmoja kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilikuwa Spice Islander. Hiyo nayo ilizaliwa mbali, Ugiriki, mwaka 1967, ikiitwa Marianna, ikabadilishwa jina ikaitwa Apostolos P, na jina tunalolilia ni la mwisho. Ilikuwa inakwenda Pemba. Ilizama katika mkondo wa Nungwi. Iliruhusiwa kubeba watu chini ya 700. Tume iliyochunguza ilieleza mwaka 2012 kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Maiti walioonekana walikuwa mamia mawili na kidogo. Wengine, zaidi ya elfu moja, ni wa kuhesabiwa kwa kuulizana nyumba kwa nyumba: kwenu nani, kwenu wangapi.

Nimeliweka daftari la mpwa wangu upande mmoja wa meza na hesabu hizo upande wa pili, na nimezitazama kwa muda mrefu. Katika msiba wa kubuni, wapenzi hawakukubali hata mzoga mmoja uitwe "na vyenginevyo". Katika msiba wa kweli, mlangoni mwetu, tulipakia watu wasioandikwa majina. Mtu aweza kusema kwamba hadithi ni rahisi kuziandika kwa kuwa hazina maiti wa kuzika. Sikubaliani naye. Schnaubelt hakuandika kwa kuwa ni rahisi. Alikaa akachora kila chumba na kila ngazi ya chombo ambacho hakitapandwa na mtu. Kuandika chombo ni kazi ya mtu anayetaka kujua nani yumo. Karani anayehesabu vichwa langoni mwa feri, akikataa kichwa kimoja zaidi, yumo katika kazi hiyo hiyo, na kwa maoni yangu ni ndugu wa mshairi zaidi kuliko wengi wetu tunaotunga marthia baada ya siku tatu. Marthia za 2011 zilikuwa nyingi, na baadhi zilikuwa nzuri. Sikumbuki hata moja iliyoulizia umri wa chombo.

Tumeanza daftari la nne. Mistari amepiga mpwa wangu kwa rula, kama ilivyo katika yale matatu: jina, ukoo, fundi, mahali pa kuundwa, mwaka, manahodha, njia, shehena, mwisho. Ami anasema, mimi naandika. Majina ya vyombo siyatoi hapa, kwa sababu warithi wa wenye vyombo wapo na hatujawaomba idhini.

Kazi si nyepesi. Safu ya ukoo tuliijaza kwa ubishi wa siku mbili. Ami anashikilia kwamba fundi hakuwa na karatasi. Aliunda kwa jicho na shubiri, na chombo cha pili kilitoka na tabia yake hata kama mkuku na mataruma yalipimwa kwa cha kwanza. Kijana akasema hivyo ndivyo walivyo ndugu. Ami akakubali, kwa sharti kwamba tuandike pia hanamu ilivyolala, kwani hanamu za Lamu na za Unguja hazilali sawa na mtu aliyezoea huzitambua kabla ya kuliona tanga. Safu ya namba tuliiondoa. "Namba alikuwa nayo karani wa bandari," alisema ami. "Sisi tulikijua kwa kiraka."

Miaka nayo haisemi kwa tarakimu. Chombo kimoja kilishushwa majini kaskazi ya uhuru wa Bara, na hiyo ni rahisi, ni mwisho wa 1961 au mwanzo wa 1962. Kingine kilipakwa deheni kwa mara ya kwanza mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha Pemba, na hapo tumeacha nafasi wazi mpaka nimpate mtu wa Pemba wa umri wake. Shehena anazikumbuka kuliko watu: boriti za mikoko, chokaa, nazi, mchele wa magunia, papa mkavu ambaye harufu yake ilidumu safari tatu. Manahodha anawataja kwa majina matatu matatu, mpaka la babu, na hunisimamisha nikiandika mawili.

Juzi tulifika kwenye chombo cha nne, alichokitumikia kwa muda mrefu kuliko vyote. Fundi tunaye, mahali tunapo, manahodha watatu, wa tatu ni yeye. Nilipofika safu ya mwisho alinyamaza. Akasema kilikodiwa na watu wengine msimu ambao yeye alikuwa mgonjwa, kikatoka Rufiji na boriti, upepo ukiwa wa kusi na si mkali. Hakikuonekana Unguja wala Tanga wala Mombasa. Mabaharia tisa. Nikaandika: hakijulikani kilikoishia. Akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea.

"Futa," akasema. "Andika hakijarudi."

Nikafuta, nikaandika. Kisha akanitajia wale tisa. Sita kwa majina matatu, wawili kwa mawili, na mmoja, kijana wa kupikia, kwa jina la utani tu. Safu ilikuwa ndogo, kwa hivyo mpwa wangu alifungua ukurasa wa pili akapiga mistari tisa.